Tupa Yangu na Tembo wa Tabora

Bibi alilifungua fundo la kanga kwa meno, maana vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, akaweka mezani kitu cha mviringo, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Akakisukuma upande wangu kwa ncha ya kidole.

"Nimeambiwa mtoto wa kwetu ndiye anayepima," akasema. "Nipimie, mura."

Ilikuwa mwaka 2005, Nyamongo, ndani ya kibanda cha mabati ambamo nilinunua dhahabu kwa fedha za tajiri na macho yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka 23. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya mzani mdogo wa betri na kupokea vidonge vya dhahabu vilivyotoka kuchomwa zebaki, vingine bado vya moto, vina vitundu kama sponji na rangi ya udongo wa kichuguu. Nilivipima, nikakadiria usafi, nikalipa. Bibi hakuwa mchimbaji. Alikuwa ametoka Nyarero, kwetu, na hakusimama kwa mnunuzi mwingine njia nzima kwa sababu alijua ukoo wangu.

Nilifanya nilivyofundishwa. Nilisugua ukingo wa kile kitu kwenye jiwe jeusi, ukaacha mstari wa manjano. Nikadondoshea tindikali ya kareti 18, mstari haukufutika. Hapo mtu mwenye akili angetosheka. Lakini mwezi uliotangulia niliuziwa mkufu wa shaba uliopakwa dhahabu, tajiri akanikata mshahara, kwa hiyo sikuwa tayari tena kuamini ngozi. Nilitaka kuona nyama. Nikachukua tupa ya pembe tatu, nikakata ukingoni mara tatu, nne, mpaka unga wa manjano ukaanguka kwenye karatasi. Ndani kulikuwa manjano vilevile. Nikadondosha tone la tindikali kwenye mkato. Tone likateleza, likaingia kwenye uso wa sarafu, likaacha doa la rangi ya chai. Nililipangusa kwa kitambaa cha suruali.

Mzani ulisoma gramu 7.1. Robo tatu yake ni dhahabu safi, yaani gramu 5 na ushee. Nikamlipa bibi shilingi 60,000, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo lilelile la kanga, akanibariki. Kwa bei ya dhahabu ya siku zile, nilimlipa vizuri, na hilo nitalitetea popote. Mzani wangu haukuwa na kosa.

Baada ya bibi kuondoka ndipo nilipogeuza kile kitu nikakitazama. Tembo, mkonga juu, nyuma yake safu ya milima. Chini yake 1916 na herufi T. Upande wa pili tai mwenye taji, na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na 15 RUPIEN. Mkato wa tupa yangu ulikuwa chini kabisa ya miguu ya tembo, kama shimo ambalo angetumbukia kama angepiga hatua moja.

Tajiri alipokuja jioni kukusanya mzigo alisema itupwe kwenye chungu pamoja na vingine. Sikuweza. Niliinunua kutoka kwake kwa mshahara wa miezi miwili ijayo, wenzangu wakacheka wiki nzima.

* * *

Historia yake niliijua polepole, kwa kuuliza huku na kule na kusoma kila nilichokipata. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli za Waingereza zilifunga pwani, na koloni la Wajerumani likakatwa na Berlin na Hamburg, miji ambako rupia zake za fedha zilikuwa zikipigwa. Askari wanataka mshahara, wafanyabiashara wanataka sarafu, na sarafu hakuna. Makao ya serikali yalikuwa yamehamia Tabora, mji ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1912. Basi mafundi wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha. Kwanza zikatoka heller za shaba ya njano, za 5 na za 20, malighafi yake ikiwamo maganda ya risasi. Kisha mwaka 1916 ikaja dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, nyanda za Iramba, Singida ya leo, nayo ikapigwa rupia 15, thamani sawa na maki 20 za Kijerumani. Michoro ilitoka kwa mtu wa reli, na inasimuliwa kuwa aliyechonga mihuri yake ya chuma alikuwa sonara Msinhala kutoka Ceylon. Zilipigwa sarafu 16,198 tu. Septemba 19, 1916, jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora na habari ikaishia hapo.

Uzito kamili ni gramu 7.168, dhahabu robo tatu. Wakusanyaji wanazigawa makundi mawili kwa kitu ambacho mimi sikukiona hata baada ya kumiliki sarafu hiyo miaka mitatu: pambo la upande wa kulia wa tai huishia ama chini ya herufi T ama chini ya herufi A katika neno OSTAFRIKA. Za kundi moja ni 9,803, za jingine 6,395.

Rupia 15 ilikuwa fedha ya ofisa na ya mwenye duka. Bibi alisema baba yake alirudi nayo kutoka vita vya Wajerumani. Iliyofika kwa mkulima wa Nyarero ilikuwa imepita mikono mingine kwanza, na kila mkono huacha chake.

* * *

Mwaka 2008 nilihamia Mwanza, na huko nikampata mwalimu. Alikuwa sonara mstaafu, mzee wa asili ya Kihindi aliyezaliwa mjini hapohapo, aliyeongea Kiswahili cha ziwani zaidi kuliko mimi. Alipoona sarafu yangu hakusema kitu. Alizima taa ya tyubu iliyokuwa darini, akawasha balbu moja ya mezani, akaishika sarafu kwa ncha za vidole viwili ukingoni, kama mtu anavyoshika chapati iliyotoka jikoni, akaiinamisha taratibu huku na huku.

"Kijana," akasema, "nani amemng'ata tembo wako?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani.

Kisha akanifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelilipia mshahara wa miezi miwili bila kulipata. Kwa mnunuzi wa Nyamongo, alisema, ngozi ya dhahabu haina thamani, maana kesho itayeyuka. Unaikwaruza, unaikata, unaichoma, dhahabu inabaki dhahabu. Kwa mnunuzi wa sarafu, dhahabu ndiyo sehemu ya bei rahisi. Anacholipia ni ile ngozi, siku ilipotoka chini ya muhuri na yote yaliyoipata tangu siku hiyo. Tupa yangu haikuondoa hata nukta moja ya gramu ambayo tajiri angeiona kwenye mzani, lakini iliondoa zaidi ya nusu ya thamani.

"Sasa," akasema, "usiniulize ina kasoro gani. Uliza kasoro iliingia lini."

Nilishtuka, kwa sababu swali hilo nililijua. Nililisikia kwa babu yangu mnadani, kabla sijaota ndevu.

Kwetu jicho la kununua hufundishwa kwenye ng'ombe. Babu alinichukua mnadani nikiwa darasa la tatu, na kwa saa nzima hakuangalia ng'ombe, aliangalia wenye ng'ombe. Yule anampa ng'ombe wake chumvi, alininong'oneza, ili anywe maji mengi, tumbo lijae, aonekane ameshiba. Yule amempaka wake mafuta. Tukasogee tuone mafuta yanaficha nini. Tukasogea. Babu alipitisha kiganja begani mwa dume, kinyume cha manyoya, na manyoya ya sehemu moja hayakulala kama wenzake. Manyoya yakiota juu ya kovu hayarudi tena kulala vile yalivyozaliwa. Babu akaenda zake. Mbele yake alisimama fahali mwenye pembe moja iliyoinama hadi kwenye jicho, wanunuzi wote wanamcheka. Babu akashika shina la pembe, akalizungushia kidole gumba kwa muda mrefu, akamuuliza mwenye mali, "Hili liliingia lini?" Kabla hajajibiwa alikuwa ameshajua: shina lilikuwa laini, halina mshono wa kuvunjika. Alizaliwa nalo. Tulimnunua kwa bei ya kutupa, na akazaa zizi zima la ndama wenye pembe zilizosimama.

Nikakaa kwenye kigoda cha sonara nikijiuliza ni vipi nilijua hayo yote nikiwa na miaka tisa, halafu nikiwa na miaka 23 nikamkata tembo kwa tupa.

* * *

Sarafu huzaliwa kwa kishindo kimoja. Kipande kitupu cha dhahabu huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mihuri inakutana kwa nguvu, sarafu imekuwepo. Kila kilichokwenda vibaya hadi kishindo kile ni kilema cha kuzaliwa. Kila kilichotokea sekunde moja baadaye ni jeraha. Soko linasamehe vilema vya kuzaliwa, mara nyingine hata kuvipenda. Majeraha halisamehi.

Shida ni kwamba vinafanana, na kwa sarafu ya Tabora vinafanana kuliko kawaida, kwa sababu karakana ya reli haikujengwa kupiga fedha. Nyingi zilitoka na sehemu hafifu, zingine zilitokana na vipande vya dhahabu vyenye nyufa ndogo au mikwaruzo kabla hata ya kupigwa.

Mzee alinipa lenzi yake na kunionyesha mstari mwembamba uliokatiza uso wa sarafu yangu karibu na bawa la tai. Nilisema ni mkwaruzo. Akanipa sindano ya mti, mwiba wa mgunga, maana ya chuma hairuhusiwi karibu na sarafu, akaniambia niupitishe bila kukandamiza. Mwiba ulipanda kidogo, ukashuka. Mstari ulikuwa umeinuka, kama mshipa juu ya mkono. Muhuri wa chuma ukipata ufa, dhahabu huingia ndani ya ufa ule, na sarafu hutoka na mstari uliovimba. Mkwaruzo huzama. Hakuna mtu anayeweza kukwaruza sarafu ikavimba. Nadhani hicho ndicho kitu chenye faida kubwa zaidi nilichowahi kuonyeshwa kwa dakika moja.

Halafu kuna kulika, yaani uchakavu wa kupita mikononi na mifukoni, ambao kila mtu anaukubali kwa kuwa ndiyo kazi ya sarafu. Hapo ndipo yanapoingia madaraja. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon, mtu wa saikolojia, alitunga kipimo cha kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti za zamani za nchi yake, na kipimo hicho kimekuja kutawala dunia nzima ya sarafu. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikuwahi kutumika. Kati ya 50 na 58 zina dalili ndogo za kuguswa. Arobaini bado nzuri, 20 zimeshaonja maisha. (Baada ya kufa kwake ilibainika kuwa Sheldon huyohuyo alikuwa akibadilisha sarafu nzuri za jumuiya ya wanasarafu ya Marekani na kuweka zake mbovu zaidi. Alijua vizuri sana tofauti ya madaraja.) Wajerumani bado wanapenda maneno kuliko namba, na maneno yao yana adabu ya kupotosha: sarafu inayoitwa "nzuri" kwa Kijerumani ni ile iliyochakaa hadi unaihurumia, na ukitaka iliyo nzuri kweli unatafuta neno la ngazi mbili juu yake.

Tangu kampuni ya PCGS ilipoanza kazi mwaka 1986, na NGC mwaka uliofuata, unaweza kutuma sarafu yako Marekani ikarudi imefungwa ndani ya plastiki ngumu, imeandikwa namba. Yenye jeraha hairudi na namba. Inarudi na neno: imesafishwa, imekwaruzwa, imetobolewa, imetolewa kwenye kidani. Yangu ingerudi na neno la tupa.

* * *

Mtu angedhani somo la tembo lilinitosha. Mwaka 2009 nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli nyingine, nikaonyeshwa rupia 15 ya pili. Ilikuwa inang'aa. Yangu ilikuwa na rangi ya asali iliyokaa; hii ilikuwa ya manjano kama ua la alizeti, na bega la tembo lilimetameta hadi niliona balbu ya duka ndani yake. Aliyeuza aliapa haijawahi kutumika. Nilitoa akiba ya miezi minane na nikakenua njia nzima ya kurudi Mwanza.

Mzee alizima tyubu, akawasha balbu. Safari hii hakucheka.

Sarafu ambayo haijaguswa, alinieleza, haimetameti kama kioo. Mng'ao wake wa kuzaliwa unatokana na mistari midogo mno iliyotokea dhahabu ilipojinyoosha wakati wa kupigwa, na ukiiinamisha chini ya taa moja, mwanga huzunguka juu yake kama spoki za baiskeli. Hiyo ya Dar es Salaam haikuzungusha kitu. Mwanga ulisimama palepale, bapa, na ndani yake, kwa lenzi, ilionekana mistari myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja. Hiyo ni njia ya kitambaa. Mtu alikuwa ameisugua kwa dawa ya kung'arishia, akaondoa ngozi yote ya mwaka 1916 ili kuniuzia ngozi ya wiki iliyopita.

"Lakini kwa nini aliisugua?" mzee akauliza, akajijibu kwa kuigeuza ukingo. Juu kabisa, palepale ambapo saa ingeandikwa 12, ukingo ulikuwa mpana zaidi kuliko kwingine, na rangi yake ilikuwa imepauka kidogo. Hapo palilehemiwa kipete cha kupitishia mkufu. Lehemu ya sonara ni dhahabu ya kareti ya chini ili iyeyuke mapema kuliko kitu chenyewe, kwa hiyo hata ukiipiga msasa mpaka ikalingana, rangi yake inakusaliti. Sarafu yangu ilikuwa kidani cha mtu, labda kwa miaka 50. Pwani yetu imejaa vidani vya namna hiyo: pauni za dhahabu za Uingereza masikioni na shingoni mwa bibi harusi wa Zanzibar na Mombasa, na ni vitu vizuri. Mimi sina neno na kidani. Neno langu ni na aliyeking'oa kidani akakiita sarafu.

"Manyoya hayakulala," nikasema.

Mzee hakuelewa. Nikamsimulia habari ya babu.

Kosa la tatu lilikuwa la kinyume, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu hakuna aliyenidanganya. Mwaka huohuo mzee mwenyewe alinionyesha rupia 15 aliyokuwa nayo tangu ujana wake, akaniambia kwa kuwa ni mimi, ataniachia kwa bei ya chini ya soko. Nikaichunguza kwa balbu, kwa lenzi, kwa mwiba, mwanafunzi mwenye bidii. Kifua cha tai kilikuwa hakina manyoya, bapa kabisa. Nikasema imelika, daraja la 35 au chini ya hapo, bei ipunguzwe. Aliirudisha kwenye bahasha bila kubisha. Miezi michache baadaye ilinunuliwa na mgeni aliyelipa bila kupatana, akaituma Marekani, ikarudi ndani ya plastiki yenye namba ya zaidi ya 60.

Nikamuuliza mzee kwa nini hakunisahihisha. Alisema mtu akishakataa ng'ombe, humfuati naye hadi nyumbani kwake.

Nilichoshindwa kukiona ni hiki. Kifua cha tai kilikuwa bapa kwa sababu mashine ya karakana haikukandamiza vya kutosha, dhahabu haikufika chini ya shimo la muhuri. Huko ni kuzaliwa. Ningeangalia ule ubapa wenyewe badala ya kuuchukia, ningeona uso wake bado una chembechembe za kipande kitupu na mwanga wa spoki unapita juu yake bila kukatika. Mahali palipolika kwa vidole panakuwa laini kama sabuni iliyotumika, na mwanga hufa pale. Zaidi ya hapo, uchakavu huanzia sehemu zilizoinuka na haupendelei: kama tai amelika kifua, tembo naye lazima alike bega na sikio. Tembo wa sarafu ile alikuwa na kila mkunjo wa ngozi. Sikumgeuza kumuuliza.

Kwa sarafu za kisasa maswali yanabadilika tena. Mwaka 1974 serikali yetu ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500, gramu 33 na ushee, upande mmoja Mwalimu Nyerere, mtu wa mkoa wetu wa Mara, upande mwingine duma, katika mfululizo wa dunia wa kuchangia uhifadhi wa wanyama. Hakuna aliyenunulia unga kwa sarafu ile. Niliwahi kushikishwa moja Dar es Salaam. Jeraha lake pekee lilikuwa alama ya kidole gumba juu ya uso uliopaswa kuwa kioo, imekaa miaka, haitoki tena. Mtu alifurahi siku moja akaishika vibaya.

* * *

Mwaka 2010 nilirudi Nyarero likizo ya Krismasi. Nilikwenda na mtamba mmoja na sarafu yenye mkato, na hotuba ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye basi tangu Mwanza: kwamba mwaka 2005 nilimlipa bibi thamani ya dhahabu peke yake, kwamba kitu chake kilikuwa na thamani nyingine ambayo mimi sikuijua na yeye hakuambiwa, kwamba sarafu ni yake na mtamba ni faini.

Alikuwa hai. Alikaa nje kwenye ngozi ya ng'ombe, kahawa imeanikwa pembeni yake kwenye mkeka, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mjukuu wake alimfunga mtamba kwenye mti. Bibi aliisikiliza hotuba yangu hadi mwisho kwa uvumilivu, kama watu wazima wanavyosikiliza watoto wakisoma, kisha akanyoosha kiganja.

Niliweka sarafu pale. Niliishika ukingoni, kwa ncha za vidole viwili, kama nilivyofundishwa. Yeye aliifumbata yote, akaisugua kwa kidole gumba, na mimi nikajizuia nisipige kelele.

"Hapa," akasema, kidole kikiwa juu ya bega la tembo, pale palipolainika kama sabuni, "ni mimi huyu. Kila nilipokuwa na mimba nilikuwa namshika hapa." Akaigeuza. Karibu na ukingo wa upande wa tai kulikuwa na bonyeo dogo ambalo mzee wa Mwanza aliliita pigo la kuanguka sakafuni. "Hapa ilidondoka kwenye jiwe la kusagia. Mama alinichapa." Kidole kikatembea hadi kwenye bawa, kikaupata ule mstari uliovimba, mshipa wa ufa wa muhuri ambao mimi niliuita mkwaruzo mpaka nilipopewa mwiba na lenzi. "Huu ilikuja nao. Baba alituonyesha."

Mjukuu alikuwa ameleta viti. Nilibaki nimechuchumaa. Kidole cha bibi kilizunguka ukingo polepole, kikapita chini ya milima, kikafika miguuni mwa tembo, kikatumbukia kwenye mkato, kikasimama.

"Hili silijui," akasema. "Hili liliingia lini?"

Nikamtajia mwaka.